Mifereji ya Akheri Hutembelewa kwa Miguu

Ndugu msomaji, ukimwomba mkazi wa mjini akutajie mji wa mifereji, aghalabu atakutajia Venice kule Italia, au Amsterdam kule Uholanzi. Picha za miji hiyo amekwisha kuziona katika kalenda na katika sinema: nyumba ndefu zilizobanana, madaraja ya mawe, na mashua zikipita mahali ambapo sisi tungetazamia kuona magari. Si vibaya kuijua miji ya wenzetu. Lakini wapo maelfu ya watu wa Arusha na Moshi ambao kila wiki hupita kwa daladala kando ya nchi ya mifereji, nao hawana habari nayo. Nchi hiyo ni miteremko ya Mlima Meru. Leo nakuomba tuitembelee sehemu yake moja tu, yaani Akheri, iliyoko juu ya Tengeru, katika barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi.

Ninaposema tuitembelee, maana yangu ni kutembea kwa miguu hasa. Mfereji hauonekani kutoka dirishani mwa gari. Unapita nyuma ya nyumba za watu, chini ya migomba, ubavuni mwa kilima. Anayetaka kuujua hana budi kuufuata hatua kwa hatua, tena pamoja na watoto wake ikiwezekana, maana ninalotaka kusema leo linawahusu wao kuliko sisi.

MABARAZA YA MAJI YA UHOLANZI

Tuanze huko Ulaya kwa ufupi, ili tuwe na kipimo. Mji wa Amsterdam ulipata jina lake kutokana na ukuta wa kuzuia maji uliojengwa katika mto uitwao Amstel. Kuanzia mwaka 1613 wenyeji walichimba mifereji mikubwa iliyouzunguka mji wa kale mithili ya maganda ya kitunguu kilichokatwa nusu. Mitatu iliyo mashuhuri inaitwa Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, na mwaka 2010 Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Ardhi ya huko ni laini sana, hivyo nyumba zilijengwa juu ya nguzo za miti zilizopigiliwa chini. Jumba la kifalme lililoko katikati ya mji lasemekana kusimama juu ya nguzo 13,659. Mgeni anayekwenda huko hushauriwa aache gari, achague mfereji mmoja, aufuate kwa miguu kutoka daraja hadi daraja, na hapo ndipo mji utakapomfungulia milango.

Lakini mgeni mwenye akili hatatazama nyumba na mashua tu. Atauliza: ni nani anayelinda maji haya yasimeze mji? Sehemu kubwa ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Maji huko ni jirani mkorofi ambaye hana budi kusukumwa nje kila siku. Kwa sababu hiyo, tangu karne ya 13, wakulima wa nchi ile waliunda mabaraza ya maji. Mabaraza hayo yalipewa uwezo wa kukagua kingo, kutoza michango na kuwatoza faini wazembe. Yapo hata leo, na wananchi huyapigia kura kama wanavyowapigia kura wabunge wao. Basi chini ya uzuri wote ule wa Amsterdam kuna mikutano ya watu, daftari za michango, na zamu za kazi. Liweke neno hilo moyoni, ndugu msomaji, tutalikuta tena Akheri.

Kuna jambo jingine la kufikiri. Katika miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilisaidia kuanzisha mpango wa utalii wa kitamaduni katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, vikiwamo Ng'iresi na Mulala vilivyoko katika mlima huu wa Meru. Tangu hapo wageni kutoka nchi za mbali wamekuwa wakitembezwa kwa miguu mashambani, wakionyeshwa migomba, kahawa na mifereji. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa kando ya mfereji wa Amsterdam huja kutazama mfereji wa Meru, hali mfanyakazi wa Arusha, ambaye nauli yake ya kufika huko haizidi bei ya mlo wa mchana, hajawahi kushuka garini.

KUTOKA SOKONI KWENDA JUU

Tengeru iko kilomita zipatazo 13 mashariki ya mji wa Arusha. Kama waweza, fika Jumatano au Jumamosi, ambazo ndizo siku za soko kubwa. Usiharakishe kupanda mlima. Litazame soko kwanza: mikungu ya ndizi za kupika na za kuivisha, maparachichi, karoti, kabichi, nyanya, vitunguu, maharage, maziwa ya mgando, na akina mama waliotoka juu alfajiri na mizigo kichwani. Lihifadhi soko hilo katika kumbukumbu, maana baadaye utakapouliza mifereji hii ina faida gani, utakuwa tayari umekwisha kuliona jibu likiuzwa kwa mafungu.

Upande wa chini wa barabara kuu liko Ziwa Duluti, lililokaa ndani ya kasoko ya volkano na kuzungukwa na msitu. Tengeru pia imezoea wageni wa Ulaya tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, raia wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao na vita, walikaa hapa kambini. Makaburi ya waliofia hapa yangali yanatunzwa hata leo. Hayo yote yanastahili siku yake. Sisi leo twaelekea upande wa pili, upande wa mlima.

Njia ya Akheri inapanda polepole baina ya mashamba madogo madogo yaliyopakana bila nafasi. Migomba iko juu, kahawa iko chini ya kivuli chake, na chini ya kahawa kuna maharage au magimbi. Hewa inabadilika. Ikiwa ni mwezi wa Juni au Julai utashukuru kwamba ulichukua sweta. Mbele yako, kama mawingu yameondoka, Mlima Meru umesimama na kilele chake chenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Huo ndio mlima wa pili kwa urefu katika Tanzania, na ndio tangi la maji la Arusha nzima.

Sikio ndilo litakalouona mfereji kabla ya jicho. Utasikia maji yakinong'ona mahali ambapo hukutazamia kuyasikia, kwa kuwa bonde la mto liko mbali huko chini. Geuka, nawe utaona kijito chenye upana wa hatua moja, pengine kina cha goti, kinapita ubavuni mwa kilima kana kwamba kimesahau kuwa maji hushuka. Watoto wengi wanaoletwa hapa mara ya kwanza huapa kwamba maji yanapanda mlima.

Hayapandi. Ufuate mfereji kuelekea yanakotoka, nawe utaipata siri yake. Mbali huko juu, mahali mto unapopita katika korongo, wakulima wameweka banio, yaani kizuizi cha mawe, matawi na udongo, na siku hizi mara nyingi cha saruji, kinachogeuza sehemu ya maji na kuyaingiza mferejini. Mto wenyewe unaporomoka kwa kasi, bali mfereji umechimbwa ushuke kidogo sana. Baada ya mwendo, mto umekwisha kuzama bondeni na mfereji umebaki juu, karibu na mashamba. Wazee waliochimba mifereji ya kwanza hawakuwa na vyombo vya kupimia usawa. Maji yenyewe yalikuwa kipimo chao: walichimba kipande, wakayaacha yaingie, wakatazama kama yanakwenda au yamelala, kisha wakaendelea. Penye bonde dogo walivusha maji juu ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Siku hizi mahali pa gogo huenda ukakuta bomba au bati lililokunjwa, lakini fikra ni ile ile.

Ustadi huu si wa Wameru peke yao. Wachaga wa Kilimanjaro wana mifereji yao, wanayoiita mifongo. Wapare huyakusanya maji ya mifereji katika mabwawa yanayoitwa ndiva, wakayafungulia asubuhi. Wasonjo, walioko karibu na Ziwa Natron, huendesha kilimo chao chote kwa kugawana maji ya chemchemi. Milima yetu ya kaskazini imejaa wahandisi wasio na vyeti.

ZAMU YA MAJI

Katika matembezi yako utamkuta mtu, pengine mzee mwenye jembe begani, anayetazama maji kwa makini kama mlinzi anavyotazama lango. Mwamkie kwanza. Akisha kuitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," ndipo umwulize habari za mfereji. Utashangaa kuona kwamba hatakueleza habari za udongo wala mawe. Atakueleza habari za watu.

Atakuambia kwamba maji ya mfereji yana zamu. Nyumba hii hupata asubuhi, ile hupata alasiri, na nyingine hupata usiku wa manane. Zamu ikifika, mwenye shamba hufungua mdomo wa kifereji chake kwa kuondoa mawe na kipande cha udongo wenye nyasi, akayaongoza maji hadi kwenye shina la mgomba wa mwisho. Muda ukiisha hana budi kufunga, hata kama pembe moja ya shamba bado ni kavu. Wakati wa masika hakuna anayeulizia zamu, maana mvua inatosha wote. Taabu huanza kiangazi, maji yanapopungua. Hapo ndipo wapo wanaolala shambani na tochi, ili jirani asije akakosea saa kwa makusudi.

Tena atakuambia kwamba mfereji una viongozi na una siku za kazi. Maji huleta mchanga, nyasi huota kingoni, fuko hutoboa ukuta, na mvua kubwa hubomoa banio. Kwa hiyo kabla ya kiangazi wote wanaotumia mfereji huitwa kwenye msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe. Asiyetokea hutozwa faini. Hapo zamani faini ilikuwa pombe au mnyama, siku hizi ni fedha taslimu. Anayekataa kazi na kukataa faini pia hufungiwa maji. Katika nchi ya migomba adhabu hiyo haihitaji polisi, maana majani yenyewe yatamshitaki mbele ya wapita njia.

Hapa, ndugu msomaji, kumbuka yale mabaraza ya Uholanzi. Mholanzi alikuwa na maji mengi mno, akatafuta namna ya kuyatoa. Mmeru alikuwa na maji ya kubahatisha, akatafuta namna ya kuyaingiza na kuyagawa. Hawakuulizana, wala hawakusoma kitabu kimoja. Lakini wote wawili walifika kwenye jambo lile lile: mkutano, zamu, mchango, na adhabu kwa mzembe. Maji yamewafundisha kwamba mtu hawezi kuyamiliki peke yake na bado akaendelea kuishi vizuri na jirani.

NCHI ILIYOBANWA

Usiondoke Akheri bila ya kukumbuka yaliyopita katika ardhi hii. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa. Watawala wa Kijerumani walilipiza kisasi kikali juu ya wenyeji, na mwaka 1900 boma lao lilikuwa limesimama Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho. Baadaye ardhi kubwa ya chini ya mlima iligawiwa walowezi. Wameru wakajikuta wamebanwa, juu yao kuna msitu wa hifadhi, na chini yao kuna mashamba makubwa ya wageni. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu.

Wananchi hawakunyamaza. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi hiyo iliwaamsha watu wengi wa Tanganyika na kuuonyesha ulimwengu sura ya ukoloni. Mimi naamini kwamba watu waliozoea kwa vizazi vingi kukutana, kuchangishana na kumtuma mmoja wao kwa ajili ya mfereji, hawakuona shida kubwa kufanya hivyo kwa ajili ya nchi.

Kubanwa huko ndiko kunakoeleza udogo wa mashamba unayoyaona. Baba aligawa kwa wana, wana wakagawa kwa wajukuu. Kipande kidogo namna hii kingewezaje kulisha nyumba nzima na bado kikapeleka mizigo sokoni Tengeru? Ni kwa sababu kinapata maji hata mvua inapokosekana. Mfereji ndio uliokifanya kipande kimoja kifanye kazi ya viwili.

UKUTA, TAKA NA BAADA YAKE

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Arusha inakua, na inakua hasa kwa kufuata barabara ya Moshi. Wafanyakazi wananunua viwanja Tengeru na vijiji vya juu yake, wanajenga nyumba nzuri, wanazungusha ukuta. Hilo ni haki yao. Lakini mara nyingi mnunuzi haambiwi, au hajali kuuliza, kwamba ule mtaro ulio pembeni ya kiwanja chake ni mfereji wa watu wengine walioko chini. Akiuona mkavu mwezi wa Machi, hudhani kuwa ni shimo la mvua. Basi anaufukia, au anaupitisha katika bomba jembamba, au anaufanya jaa la taka. Ukitembea utajionea mwenyewe: chupa za plastiki zimekwama mdomoni mwa kifereji, nepi za watoto zimenasa penye mizizi, na maji ya sabuni na ya choo yameelekezwa humo humo.

Aliyefanya hivyo hakukusudia ubaya. Yeye hupata maji ya bomba, na mboga zake hununua sokoni. Hajui kwamba mboga hizo zinatoka kwenye maji yale yale aliyoyaziba. Huo ndio ubaya wa kuishi kando ya kitu bila ya kukitembelea.

Na maji hayaishii Akheri. Yale yasiyonywewa na migomba hurudi mitoni, mito ya upande huu wa Meru huingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Mto Pangani huyachukua, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, kisha yakafika Bahari ya Hindi. Njiani yanawagusa wenye mashamba makubwa ya maua na mboga za kuuza ng'ambo, wakulima wadogo wa tambarare, wafugaji na wavuvi. Wote hao wanangojea maji ya mlima mmoja, na kila kiangazi malalamiko ya walioko chini dhidi ya walioko juu husikika upya. Sheria hazikukosekana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Lakini sheria haiwezi kushika jembe. Anayeshika jembe ni mtu anayeujua mfereji.

Je, mfereji unaweza kufa kabisa? Huna haja ya kwenda Ulaya kutafuta jibu. Liko katika mkoa huu huu wa Arusha, wilayani Monduli, mahali paitwapo Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo yako magofu ya vijiji vya mawe vilivyojengwa kwenye mteremko, na mbele yake shamba lenye eneo la karibu hekta 2,000 lililokatwakatwa kwa kuta za mawe na mifereji ya kumwagilia. Watu waliishi hapo kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, wakilima mtama mahali ambapo mvua ni haba. Kisha wakaondoka. Wataalamu hutaja sababu mbalimbali: mito kupungua maji, udongo kuchoka, vita na majirani. Ukitembea katika magofu hayo utaona mistari ya mifereji imenyooka vizuri bado, kila jiwe mahali pake. Kitu pekee kinachokosekana ni watu wa kuja kwenye msaragambo.

Na kama Engaruka inatuonyesha mwisho, Ulaya inatuonyesha kwamba anayejirudi mapema anaweza kuponya. Katika mji wa Utrecht, huko huko Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakuu wa mji walikausha sehemu ya mfereji wa kale uliouzunguka mji, unaoitwa Catharijnesingel, wakajenga barabara kubwa ya magari. Wakati ule hayo yalionekana kuwa maendeleo. Baada ya muda wananchi waliona walichokipoteza, wakapiga kura barabara iondolewe, na mwaka 2020 maji yakarudishwa. Leo watu hupita hapo kwa mashua na kwa miguu. Lakini fikiri gharama yake: kulipa fedha za kufukia, halafu miaka karibu 50 baadaye kulipa tena za kufukua. Uholanzi ni nchi tajiri, ingeweza kukosea mara mbili. Mkulima wa Akheri mwenye migomba 60 hawezi kungoja miaka 50.

UKITAKA KWENDA

Nisikuache na mawazo tu, ndugu msomaji. Chagua Jumamosi moja ya kiangazi, baina ya Juni na Oktoba, wakati njia hazina utelezi na mifereji inafanya kazi yake hasa. Chukua watoto. Vaa viatu vya kutembelea matope. Tafuta mwenyeji wa kuwaongoza, nanyi mlipe haki yake kwa moyo mkunjufu kama wanavyolipa wageni. Kijana wa pale anajua ni njia ipi ni ya wote na ipi inapita uani kwa mtu.

Kumbuka pia adabu. Njia nyingi za mfereji ni viwanja vya watu, kwa hiyo piga hodi, amkia wakubwa, usipige picha ya mtu bila ya idhini yake. Usikanyage ukingo laini, maana unyayo mmoja waweza kuanzisha ufa utakaowapotezea watu saa nzima ya zamu. Usiwaruhusu watoto wafungue au wafunge mdomo wa kifereji kwa mchezo. Taka zenu zirudi mjini ndani ya mfuko wenu.

Maji ya mfereji msiyanywe, hata yawe maangavu namna gani. Huko juu yamepita kwa ng'ombe na kwa watu. Zaidi ya hayo, volkano ya Meru imeyatia maji ya sehemu nyingi za mlima huu madini ya floraidi, ambayo yakizidi huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na hata kudhuru mifupa. Bebeni maji yenu ya kunywa. Chakula hakitawapa shida. Ukikaribishwa loshoro, yaani ndizi au mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, kula bila ya kujivunga, kisha uwaulize watoto: katika sufuria hii, ni kitu gani kisichotoka mferejini?

Mwisho, mkirudi nyumbani, tembeeni pia mtaani kwenu. Arusha mjini kuna Themi na Naura. Kila mji wetu una mto au mtaro wake ambao watu wameupa mgongo. Ufuateni kwa saa moja tu, mwone unatoka wapi, unapita kwa nani, na unakwenda wapi. Mkiona umezibwa, waulizeni wajumbe wa mtaa ni lini mara ya mwisho majirani walikutana kuusafisha. Ikiwa hakuna anayekumbuka, basi mmekwisha kuipata ajenda ya mkutano ujao. Majembe yapo, na siku ya kazi itajwe mbele ya wote.